Marahaba ya Saa Tisa na Nusu

Kompyuta ya marehemu shangazi ilikuwa ikijiwasha yenyewe kila siku, saa tisa na nusu alasiri. Niliirithi mimi, kwa kuwa nina digrii na sina kazi, nikaiweka sebuleni kwetu Tabora. Feni yake ikianza kuvuma, bibi huacha kumenya karanga, huinua uso na kusema, "Marahaba."

Shangazi alikuwa mwalimu. Saa hiyo ndiyo aliyokuwa akirudi kutoka shuleni, na shikamoo yake kwa mama yake ilianzia mlangoni. Sasa bibi hagusi chakula cha mchana mpaka aitikie. Ana vidonda vya tumbo, na amekonda hadi bangili inamvuka kiganja.

Mama akaniita jikoni. "Wewe si umesoma kompyuta? Mtoe huyo mtu humo ndani kabla hatujazika mwingine."

Nikaingia kwenye mfumo endeshi, programu kuu inayoendesha kompyuta, nikafuta kila kilichopangwa kuamsha mashine, nikaizima kabisa. Kesho yake, saa tisa na nusu, ikawaka. Nikarudia. Ikawaka. Nikaanza kukaa mbali nayo, nikijiambia ni kwa sababu ya joto.

Siku ya tatu ndipo nikakumbuka: chini ya mfumo endeshi kuna programu nyingine ndogo, iliyo kwenye ubao wenyewe wa mashine. Hiyo huamka kwanza, na ndiyo inayoruhusu umeme kupita. Mfumo endeshi unadhani unatawala usingizi wa mashine, kumbe hata hauulizwi. Humo nikakuta saa ya kuwaka imeandikwa, kila siku. Shangazi alipanga aikute tayari.

Nikaifuta.

Kesho yake, saa tisa na nusu, kimya. Bibi akatazama mlango, halafu mimi.

"Umemfungia nje?"

Akaufunika ugali wake kwa sahani. Tulilala hajala.

Asubuhi nilikaa mbele ya ile mashine muda mrefu. Kurudisha ni kumdanganya. Kuacha ni kumuua. Nikarudisha, ila nikaandika saa sita na nusu.

Feni ilivuma mama akiwa bado anapakua. Nywele zilinisimama, ingawa mimi ndiye niliyeita.

"Marahaba," bibi akasema, akavuta sahani. Alimaliza mlenda wote. Kisha akaniinamia na kunong'ona:

"Mwambie asitoroke kazini. Watamfukuza."