Mafundo ya Kisima cha Nyakabere

Kamba ya katani iliyolowa hunuka kama mbwa aliyenyeshewa, na kila mwisho wa kiangazi nyumba yetu ya Nyakabere ilinuka hivyo. Baba, mkulima wa pamba, aliteremsha kisimani kamba yenye jiwe nchani. Jiwe likigusa maji, alifunga fundo pale mkono wake ulipokuwa, ukingoni, kisha akaitundika kamba ukutani hadi mwaka ufuatao. Fundo la mwaka niliozaliwa lilikuwa karibu na jiwe. La mwaka wa uhuru lilikuwa mbali zaidi. Maji yalikuwa yanatukimbia polepole. "Haba na haba hujaza kibaba," baba alisema, "na haba na haba humaliza kisima." Alitaka majirani waone mafundo yale, wakubali kuchimba kwingine mapema.

Uasi ulipofika bondeni, tulikimbia na vilivyobebeka: mbuzi na ile kamba. Tulipofika Kavimvira, mpakani, baba akiwa amerudi nyuma kumbeba bibi yangu aliyechoka njiani, mimi nilimwendea mwenye mtumbwi ili atuvushe.

"Weye mutoto, uko na franga?"

"Miye niko na kamba."

Akaipima kwa mikono. "Inatosha watu watatu. Mbuzi abakie."

"Mzee, mbuzi ni mutu wetu wa ine."

"Basi ongeza kamba."

Sikuwa na nyingine. Niliketi mchangani nikafungua mafundo yote kwa meno. Kamba ikarefuka, mbuzi akapanda. Nilijiona mchuuzi hodari kuliko wote pale mpakani. Baba alipofika, alipitisha vidole juu ya kamba, mara ya kwanza, halafu tena. "Mwanangu, umepata bei muzuri," akasema. Hakunipiga, na hilo ndilo linaloniuma. Tulikoshukia, wenye silaha walimla mbuzi kabla hatujapata pa kulala.

Vita vilipotulia tukarudi. Baba aliwasihi majirani, nao wakamcheka: "Mafundo yako wapi?" Hawakuchimba. Alikufa akibishana nao, na kisima kikakauka baada yake.

Siku hizi vijana hupita na vyombo vyao vya kupimia, wakichora jinsi maji ya chini yalivyoshuka bondeni. Mmoja aliniuliza kwa adabu, "Mama, zamani maji yalikuwa umbali gani?" Niliinua mkono, nikaushusha, nikauinua tena. Maji sasa huletwa kwa baiskeli, ndani ya madumu. Mimi ninayebishania bei hata ya kitunguu, ya dumu la maji huilipa kama ninavyotajiwa.