‘Wazima’: neno lililomponza Mama Mikia

Mwanamume aliyesimama dirishani amebana kwapa kama mtu mwenye jipu. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anachomoa mfuko wa mkate. Ndani hamna mkate. Mna kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha bluu.

“Dada, nimekileta kikiwa bado na joto,” ananong’ona.

“Kwapani ndiko kwenyewe, kaka. Kikipoa, wanalala,” anajibu mama mwenye koti jeupe, bila kucheka. Atacheka baadaye, dirisha likishafungwa.

Hospitali nzima inamwita Mama Mikia. Kazi yake ni kupima mbegu za wanaume. Anadondosha tone kwenye kioo, anainamia hadubini, anahesabu vimikia vinavyotingishika. Ni mama wa mikia tu, mtoto hana. Jina alipewa na wenzake kwa mapenzi, naye amelizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

“Wifi yangu aliniuliza mbele ya wageni,” anasema huku akifuta kioo. “‘Wifi, kutwa unahesabu watoto wa wenzio, wako wako wapi?’ Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Ungefanya nini?”

Ndoa yake na fundi wa mageti ina miaka kumi na tatu. Mwaka wa tatu mume alikubali kupimwa, na aliyeinamia hadubini ni mkewe mwenyewe. Mbegu zilikuwa tele, zinaogelea mbio. Akarudi nyumbani, akasema kama wanavyosema maabara: “Wako wazima.”

Maabara, “wazima” maana yake wako hai, wanatembea. Basi. Nyumbani lilisikika vingine. Fundi akamwambia mama yake, “Mimi mzima.” Mama akawaambia mabinti. Kama mume mzima, mgonjwa nani? Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Mama Mikia akapimwa mirija, akapimwa homoni, akanywa dawa zilizomvimbisha uso. Hakuonekana na kitu.

“Kila nikiambiwa sina tatizo, nalia,” anasema. “Mwenye tatizo si hutibiwa?”

Jibu lilikuja mwaka huu, daktari wa uzazi alipopeleka mbegu za fundi kwenye maabara ya utafiti. Mama Mikia analieleza kwa kidole kimoja, akikichezesha hewani. Mkia wa mbegu, anasema, una milango midogo mno, hadubini yake haiioni. Mbegu ikikaribia yai, milango inafunguka, kalsiamu inaingia, na mkia unaacha kutingishika kistaarabu, unaanza kuchapa kama mjeledi. Nguvu hiyo ndiyo inayotoboa ganda la yai.

“Za mume wangu, milango haifunguki,” anasema. Kidole kinatulia. “Kuogelea zinaogelea. Kutoboa ndiyo haziwezi. Mimi niliziona zinatembea, nikajua yamekwisha.”

Fundi alipoambiwa alisema, “Yaani mimi nimefungia mtaa mzima mageti, halafu ya kwangu ndiyo yagome?” Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Mama yake fundi alikuwa amezikwa wiki tatu kabla ya majibu hayo.

Siku zake za mwisho, mama mkwe alimshika mkono mkamwana wake. “Mwanangu, sina ubaya na wewe. Lakini mwachie mwenzio atafute kwingine, jina la baba yake lisipotee.” Mama Mikia aliitika, “Sawa, mama.” Wakati huo alikuwa anamwogesha.

Baada ya majibu, fundi alikwenda kaburini peke yake kueleza ukweli. Aliporudi, mkewe akamuuliza, “Umemwambia asiyesikia. Wanaosikia je?”

Fundi akarudi kwenye mageti yake. Ikapita miezi.

Jumamosi hii, dada yake fundi, yule wifi aliyeuliza mbele ya wageni, anaingia karakana iliyo nyuma ya nyumba kuchukua bawaba za mlango wake. Anamkuta Mama Mikia akipita na ndoo ya maji.

“Wifi, umenenepa! Kuna mtu humo tumboni, au ni ugali tu kama kawaida?”

Fundi anazima mashine ya kuchomelea. Anavua miwani myeusi.

“Dada, mwache. Tatizo ni langu.”

“Lako? Si ulisema wewe mzima?”

“Wazima walikuwa wao, wale wa kwenye kioo. Mimi nikajichomeka humo.”

Anamweleza yote, milango na kalsiamu, akikwama hapa na pale. Dada mtu anaokota kipande cha chuma, anakigeuza, anakirudisha chini.

“Na mama amekufa akijua ni wewe,” anamwambia wifi yake, sauti imemshuka.

“Ndiyo.”

Neno la samahani halimtoki. Anaichukua ile ndoo mkononi mwa Mama Mikia, anaibeba mwenyewe mpaka jikoni. Bawaba anazisahau.

Mwezi ujao daktari atachagua mbegu moja ya fundi na kuidunga ndani ya yai kwa sindano nyembamba, milango isiwe na kazi. Mama Mikia ana miaka arobaini na moja. Mayai yamebaki machache, na ameambiwa asiweke matumaini makubwa. Siku hiyo hadubini ataiinamia mwenzake wa maabara.

Dirishani, yule wa mfuko wa mkate amerudi kuchukua majibu.

“Wanatembea, kaka. Hilo tu ndilo nililoliona. Usiende nyumbani ukasema zaidi.”

Anafunga dirisha. Safari hii hacheki.

“Nikipata mtoto, nitashukuru,” anasema. “Nisipopata, basi. Angalau sasa tutakuwa tumekosa sote wawili.”