Smati

Juzi binti yangu aliniomba nimtafutie neno "smart" kwenye kamusi, na hasira ya zamani ikanirudia.

Nilikulia kambi ya askari, Makindye. Mchana mmoja Mzungu alitembelea darasa letu, akauliza swali gumu la hesabu, na mimi peke yangu nikalijibu. Akatabasamu, akasema mimi ni smati. Kwetu smati alikuwa mtu aliyevaa vizuri, basi. Nikalitazama gauni langu, bado linanuka pasi ya mkaa, nikaumia. Nikadhani jibu langu hata hakulisikia.

Nyumbani nilimlalamikia Baba. Akamgeukia Mama huku akicheka.

"Mama Zaina, umesikia? Mzungu ameisifu pasi yako."

Mama alifurahi mpaka akaniongezea nyama. Niliila nimenuna, na hakuna aliyeniuliza nina nini.

Ukubwani ndipo nilipojua: kumbe Mzungu alisema nina akili. Sifa yangu nzima ilipewa pasi, na mpaka leo hakuna aliyenirudishia.

Kamusi inasema zamani neno hilo lilikuwa na maana ya maumivu yanayochoma. Maana hiyo mimi niliijua siku ileile.