Jembe ya Floribert na nyumba ya Victorine

Floribert alisha kufa, bakamuzika na bouquet ya maua na wimbo ya misa, lakini mi sijamuachilia. Bantu bananiambiaka, mama, mambo ya zamani, acha ilale. Bale banasema vile habakuona mikono ya Victorine. Mi niliiona, niliikamata, niliifunga na bitambaa. Donc muniache niseme.

Victorine alikuwa jirani yangu kule Kamalondo, wakati muji ilikuwa ingali inaitwa Élisabethville. Kati ya lupango yake, kiwanja ya nyumba yake, na yangu kulikuwa tu kafensi ka majani. Ukikohoa kwako, yeye anakuuliza kama ulikunywa dawa. Alitoka Kongolo, ku nord, bwana yake Léonard alimuleta na train juu alipata kazi kulekule ku train. Mi nilitoka Kasenga, ku samaki. Ye alikuwa ananicheka juu samaki yangu inanuka mpaka ku njia, mi namucheka juu anaenda na rozari hata ku choo. Njo vile tulipendana.

Nyumba yao, biro ya muji haikubajengea. Biro ilibapa lupango tu, bakajenga benyewe. Léonard akitoka ku kazi anapiga briki mpaka giza. Victorine anachota mayi, anakanyaga udongo na miguu, mutoto wao Brigitte eko ku mugongo analala. Balichukua udongo ya kichuguu, bakachanganya na majani ya kukatakata, juu ile njo briki haipasuke ikikauka. Kisha bakatia manjanja, mabati, kwa juu, wakati sisi bengine tungali mu nyasi na panya. Byumba mbili na barza. Bantu balikuwa banapita mbio-mbio mbele yake, banasikia haya ya nyumba ya kwao.

Kisha Léonard akashikwa na kifua. Saison moja tu ya baridi, ikamumaliza.

Mwanamuke bila bwana mu cité, mutaa ya Beusi, ile wakati, ilikuwa mateso. Polisi anapita, anakuuliza, we uko wa nani? Hauna jibu, anakuandika. Victorine aliwaza akasema, nitauzisha nyumba, nirudi Kongolo na mutoto wangu, nipate shamba, nisiombe muntu bukari ya kula. Hakuwa na kintu ingine. Yote ya kuishi, yeye na Brigitte, ilikuwa mu ile nyumba.

Sasa njo Floribert akaingia. Mudogo wa Léonard, tumbo moja. Alikuwa karani mu magazini ya Mugreki, kule banauzisha majembe, mapele ya kuchota udongo, misumari. Kiatu yake ilikuwa inang'aa. Alikuwa anatembea sawa vile njia ilipaswa kumulomba musamaha.

Alikaa pa barza, akaangaria bibambazi, kuta za nyumba, akatikisa kichwa.

"Mulamu, ukiuzisha nyumba vile iko, batakupa bei ya kuku. Mununuzi anakula na macho kwanza. Tengeneza. Pakaza bibambazi upya, tia chokaa, lima pa mbele, panda maua. Bazungu banafanyaka vile."

"Na byombo ya kazi nitatoa wapi, mulamu?"

"Mi niko hapa. Mi ni ndugu ya Léonard ama mi ni muntu wa njia?"

Kesho yake akaleta brouette ya kusukuma. Ndani jembe mupya, pele, rato ya kukusanya majani, ndoo, na magunia ya chokaa. Mi nilisimama pa fensi yangu, nikamuuliza, "Mama Brigitte, jembe yako iko wapi?"

"Iko."

"Basi lima na yako."

"Yangu ilisha kulika, Mama Kapya. Angaria hii. Inakata sawa kisu." Akaipitisha kidole. Alikuwa anafurahi kama bibi-arusi. Pale njo alikosea, na hakuna muntu angejua kumuambia namna gani alikosea.

Alitumika kazi saison yote ya baridi ya mwaka wa kufuata. Nyumba ya briki mbichi inaanza kuoza chini, pale matone ya manjanja inarukia ukuta. Bajinga banapakaza juu, pale macho inaona, chini banaacha. Victorine alikwangua chini kwanza, akatoa udongo yote ya kuoza, akalowanisha ukuta, akapakaza, akaacha ikauke, akapakaza tena. Akachimba mufereji kuzunguka nyumba yote, mayi iende ku njia. Pa mbele akalima, akapanda maua nyekundu, mi nikamuambia maua haiive mu chungu, akanicheka. Maua ilikuwa ya mununuzi.

Ikabakia chokaa. Ile chokaa inatoka ku furu ya kuchoma mawe na moto yake ndani. Ukiitia mayi inachemuka sawa chungu. Unaiacha ilale mu mayi mpaka itulie, ipoe, njo unapakaza. Victorine alijua. Aliitia mayi, akafunika, akangojea. Floribert akafika na kiatu yake.

"Mulamu, mununuzi anakuja dimanshi, kisha misa."

"Chokaa ingali moto."

"Pakaza hivyohivyo. Muntu wa feza hangojee. Akienda kwa mwengine, utalia kwa nani?"

Akapakaza. Alifunga kitambaa ku muti, kitambaa ikalika. Mu kona, muti haifike, akapakaza na mikono. Nilimukuta pa barza, mikono yake ananyosha mbele, ngozi inatoka sawa ngozi ya viazi ya kupika. Nilimutia mafuta ya mawese, nikafunga. Hakulia. Aliniambia, "Lakini iko muzuri, hapana?"

Ilikuwa muzuri, sitadanganya. Ilikuwa nyeupe sawa nguo ya ma-soeur wa misioni. Bantu balikuwa banasimama pa njia.

Dimanshi, mununuzi akafika. Alikuwa Floribert, na bibi yake, na kitanda yao ku mukokoteni.

Tukaenda kwa shefu wa quartier, mutaa yetu. Ule shefu, zamani alikuwa capita, munyapara ku mine, alizeekea kule. Floribert akasimama na chapeau ku mukono, anasema pole-pole.

"Shefu, nyumba ni ya kaka yangu. Kaka yangu alikufa. Sasa huyu mama anasema alitengeneza. Muulize jembe ilikuwa ya nani. Pele ya nani? Chokaa ya nani? Ku kazi, mwenye byombo njo nani? Njo patron. Yeye alitumika na byombo yangu, alilala mu nyumba ya kaka yangu. Analomba nini tena?"

Na shefu akaitika na kichwa. Juu maisha yake yote aliona tu vile: unachimba shaba na pele ya bengine, mangaribi unarudisha pele, na shaba haiko yako. Hakujua sheria ingine.

Victorine akasema, "Shefu, aliniazimisha tu."

"Mama, ku kazi hakuna kuazimisha."

Mi nikasimama. Nikasema hata briki alikanyaga yeye, wakati Floribert hajajua hata njia ya kuingia ile lupango. Shefu hakuniangaria hata. "Mwanamuke wa samaki, ikala chini." Bantu bakacheka. Nikaikala.

Bila feza ya train ya kurudi Kongolo, Victorine akaenda kuishi ku majani, upande ya Karavia, inje ya muji, mu kanyumba ka nyasi. Alitaka kulima mboga ya lenga-lenga auzishe ku soko. Lakini mikono haikufunga tena, jembe inamuponyoka. Mi nilikuwa namuletea samaki, namukuta anachimba na kijiti kati ya mikono mbili, sawa mutoto anacheza. Bidonda ikaingia mayi ya matope, mikono ikavimba mpaka ku bega. Mvula ya kwanza ilimukuta angali anasema na sisi. Ya kisha haikumukuta. Tulimuzika na rozari yake ya kuzungusha ku kifua, juu vidole haikuikamata. Brigitte nikamuchukua. Alikulia kwangu, upande hii ya fensi, anaangaria nyumba ya mama yake kila siku Mungu anatupa.

Na Floribert jirani yangu.

"Yambo, Mama Kapya."

"Yambo ya nani?"

Miaka yote ilikuwa vile. Vita ya Bazungu ikaanza, ikaisha, mi sikumujibia yambo. Alinenepa, kisha akakonda. Bibi yake alikufa. Mugreki akafunga magazini, macho ya Floribert ikaanza kufifia, akasema anataka kuuzisha, arudi Kongolo akafie kwao. Akalipa bantu, bakapakaza chokaa upya, akatia maua pa mbele. Njo ile kitu alijua.

Lakini mu cité, muntu wa akili hanunue nyumba bila kunywa kwanza mayi kwa jirani. Ukuta haitakuambia kama choo inajaa mu mvula, ama kama pale mwizi anapita. Jirani atakuambia. Basi banunuzi bakitoka kwa Floribert, banaingia kwangu. Nabapa kiti, nabapa mayi. Bananiuliza, nyumba ile iko namna gani? Najibu. Banamaliza mayi, banashukuru, banaenda moja kwa moja ku njia.

Siku moja akanilalamikia pa fensi. "Mama Kapya, unaambiaka bantu yangu nini?"

"Nabapa mayi."

Kisha akakuja Donat, fundi wa mine ya Kipushi, mwanaume wa sauti ya chini. Akakunywa mayi, akasikia yote, hakuenda. Akakaa anazungusha kopo.

"Mama, nyumba naitaka. Lakini kilio ya muntu sitaki kuinunua na nyumba. Tutaita bantu."

Floribert hakukatala, mununuzi mwengine hakuwa naye. Shefu ya sasa alikuwa kijana wa ku masomo ya ba-père wa misioni. Nikatuma neno kwa Brigitte, juu aliolewa, akakuja na mutoto ku mugongo. Tukakusanyika mu lupango yenyewe, pa maua.

Shefu akasema, "Jirani ya kuume, jirani ya kushoto, nani eko na neno?"

Hakuna muntu aliniambia nikae chini. Nikasema. Sikupiga kelele. Nilisema briki, nilisema jembe, nilisema chokaa ya moto, nilisema dimanshi na kitanda ku mukokoteni. Muzee wa upande ingine ya lupango akainua mukono. "Njo vile. Ile kitanda, mi nilisaidia kuishusha."

Shefu akamugeukia. "Baba Floribert, bibambazi hii nani alipakaza?"

"Mulamu yangu."

"Na briki?"

"Kaka yangu na yeye."

"Na we ulileta nini?"

Floribert akatafuta bantu na ile macho yake ya ukungu. "Jembe."

Mwanamuke moja kwa nyuma akauliza, "Na ungali nayo, baba?" Bantu bakacheka.

"Na chokaa," akasema Floribert.

Hakuna muntu alicheka tena.

"Basi nyumba ni ya nani?"

Akageuza kichwa upande ya ukuta. Kisha akasema, "Ya Victorine." Mi sikusikia ile jina mu kinywa yake hata siku moja. Ilikuwa mulamu, kisha ilikuwa ule mama, kisha haikuwa kintu.

Shefu akakata: nyumba ni ya Brigitte, baba atoke na bintu yake. Brigitte hakungojea. Akamuuliza Donat, "Papa, ungali unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi ni yako."

Nikamukamata mukono. "Brigitte, mutoto, mama yako alikufia hii nyumba."

"Njo maana, Mama Kapya. Nikiangaria ile ukuta, naona ngozi yake. Nilale pale namna gani?"

Nikaachia mukono yake. Nyumba ilikuwa yake, na kuuzisha ilikuwa yake.

Bantu bakaenda. Mi nikarudi kwangu ku moto, samaki ilikuwa inangoja. Floribert akakuja pa fensi, anapapasa majani na mukono.

"Mama Kapya, nilisema mbele ya bantu. Unisamehe sasa."

"Mi haukuninyanganya kintu. Enda kulomba Victorine."

"Victorine alikufa."

"Nani alikuambia? Haukufika ku matanga."

Akasimama pale. Mi nikageuza samaki, juu upande moja ilikuwa inaungua.