Nyuzi kwenye Kabureta

"Shemeji, pikipiki yangu umeifanya nini? Jana unaiazima ilikuwa nzima!" fundi cherehani alifoka. Bibi harusi alikuwa anasubiri gauni lake, na pikipiki hiyo kuukuu ilikuwa ikiwaka, lakini ukiivutia mafuta kidogo tu inazima.

"Niliipanda, sikuila," alijibu mdogo wa mumewe.

Mama huyo akafunga koki ya petroli, akaishusha kabureta, akafungua kikombe chake cha chini. Akatoa jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, akakielekeza juani. Giza tupu! Akakipuliza kwa pampu ya baiskeli, kikatema kifundo cha nyuzi nyeupe.

Shemeji akakiokota. "Hizi si nyuzi za bitana, kile kitambaa cha ndani ya magauni yako? Kumbe petroli unaichuja kwa vitambaa vyako!"

Ni kweli, alikuwa akiichuja hivyo siku zote na kujiona mjanja. Akasafisha kikombe, akarudishia kila kitu, akapiga kiki. Akavuta mafuta, pikipiki ikanguruma bila kuzima.

"Haya, nisamehe shemeji. Nimekubambikia kesi."

"Yameisha. Wahi basi, bibi harusi asije akaolewa amejifunga shuka!"