Katibu wa Salamu wa Temeke

Jumamosi ya kwanza bila kadi za salamu za wasikilizaji, mtangazaji Shamimu alikaa mbele ya maikrofoni bila jina hata moja la kusoma. Mkurugenzi wa redio alikuwa amepiga marufuku salamu za wagonjwa waliolazwa, eti zinawakimbiza wenye matangazo, na katibu wa klabu ya salamu ya Temeke akawaambia wenzake wote wazuie kadi zao. Shamimu alimjua katibu huyo: mwanamke mshona nguo, vidole vimejaa alama za sindano, ambaye hakuwahi kuandika jina la mgonjwa kabla ya kulitamka polepole, kama anayeonja mchuzi. Akikosea herufi moja, aliichana kadi na kuanza upya. Wiki ya sita Mkurugenzi alimfuata mwenyewe barazani kwake, Shamimu nyuma.

“Shikamoo, mama. Tutakupa kipindi chako mwenyewe, uwasalimie wazima.”

“Marahaba. Wazima mie nawasalimia hapahapa, wakipita.” Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

“Lakini mama, walio vitandani hawanunui kitu.”

Cherehani ikasimama. “Wala hawatembelewi, baba. Wengine kwao Kigoma. Mtu akisikia jina lake redioni, wodi nzima inamgeukia. Hilo ndilo unalomnyang’anya.” Akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Marufuku iliondolewa wiki iliyofuata. Siku hizi katibu anaishi Pugu kwa binti yake, na kila Alhamisi hushuka mjini, hospitali, kuuliza nani kalazwa bila ndugu.