Hakuna Anunuaye Mlango Uliofungwa

Jumatano moja naikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya ndoa yangu, na ndoa yangu ilikuwa na biriani.

Nilikuwa Dubai, kijana wa miguu isiyochoka, nikiwanunulia bidhaa wafanyabiashara wa Kariakoo. Ukinitajia bei, nahesabu mara mbili: kwanza bei yenyewe, halafu uso wako. Tulipanga chumba Al Rigga mimi na Neema, binti wa Mwanza aliyesafisha vyumba vya hoteli. Msimamizi wake alimsukuma kwenye ngazi, mkono ukavunjika. Kesi ikaenda, na mahakama ya kwanza ikamwachia yule bwana: ushahidi hautoshi. Msafishaji mwenzake aliyeona kwa macho hakuwahi kuitwa.

Nikamwambia Neema tusikubali. Akaniangalia, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni.

"Dada Mwajuma, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Na wangu umeshaumia."

Ndivyo tulivyoamini sote wageni: hakimu akisema, khalas, yamekwisha.

Basi Jumatano hiyo akaja mjumbe wa msimamizi, Mkenya mcheshi, na karatasi ya Kiarabu. Ilikuwa tanazul, yaani Neema aseme amesamehe na hadai tena.

"Madam, tumalizane kama watu wa nyumbani," akasema. "Asaini, apate tiketi ya kwenda kwao, na kaka yake apate visa ya kazi huku. Si ni poa?"

Mwanangu, damu ya soko ikanichemka. Nikaguna, nikainuka kama nataka kuondoka chumbani kwangu mwenyewe. Nikampandishia bei: visa ya kaka, visa ya shemeji, na kilo za ziada kwenye ndege. Neema hana shemeji, lakini mnunuzi akilegea, unavuta. Tukaagana kwamba jibu atalipata kesho.

Alhamisi asubuhi tukapanda metro hadi Rashidiya, kwa Bi Zuwena. Huyu alikuwa bibi wa Kizanzibari, mkazi wa Dubai tangu ujana wake, na karatasi za Kiarabu za watu wa pwani zilisomwa sebuleni kwake kabla ya kutiwa saini. Akasoma, akavua miwani. Nami nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyomfikisha kwenye visa mbili.

"Wewe Mwajuma, si mtu wa soko wewe?"

"Ndimi, bibi."

"Huyo bwana ameshinda kesi?"

"Ameshinda."

"Ala. Sasa anakuja kununua nini?"

Bibi akaikunja ile karatasi, akaniwekea mapajani.

"Hakuna anunuaye mlango uliofungwa, mwanangu. Umehesabu visa, hofu yake hukuihesabu." Akamgeukia Neema. "Na wewe, umemsamehe?"

"Hapana, bibi. Hajaniomba hata samahani."

"Basi yalla, twendeni. Leo ofisi zinafunga mapema, na kesho Ijumaa, hazifunguliwi hadi Jumapili."

Bibi yule aliyekuwa akilalamikia magoti tangu tulipoingia alitutangulia kufika kwenye teksi.

Kwenye ofisi ya mwendesha mashitaka tulimkuta karani kijana, anakusanya vitu vyake aende. Bi Zuwena akamsalimia kwa Kiarabu kirefu, salamu ambayo mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuikatiza. Kijana akakaa tena, akafungua kompyuta.

"Rufaa juu ya adhabu ni ya mwendesha mashitaka," akasema, huku bibi akitutafsiria. "Yeye dada anaweza kumwomba aikate. Alidai fidia?"

"Alidai," nikasema. Nikamuuliza na Neema mwenyewe, akasema alidai.

"Basi hukumu ya fidia anaweza kuikatia rufaa mwenyewe. Siku bado zipo. Leo zipo. Jumapili siwaahidi."

Moyo wangu ulidunda kama mtu aliyeona kontena lake limefika kabla ya bei kushuka. Milango miwili, nasi tulikuwa tunaiuza kwa visa ya shemeji asiyekuwepo! Neema akaandikisha ombi lake na rufaa yake, akamtaja yule msafishaji, akasaini kwa mkono wa kushoto. Herufi zilipinda kama mihogo, lakini zilikuwa zake.

Mjumbe alipopiga simu, Neema aliichukua mwenyewe.

"Kaka, siuzi. Mwambie tutaonana kwa hakimu."

Mwendesha mashitaka akakubali kukata rufaa. Safari hii msafishaji aliitwa, akasema alichokiona. Hukumu ikatenguliwa, msimamizi akatiwa hatiani, na dai la Neema la fidia likasikilizwa. Tulipotoka alinishika bega akicheka na kulia.

"Dada, wamenisikia."

Sasa sikia, mwanangu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukidhulumiwa na mahakama ya kwanza ikakunyima, usikunje mkeka. Uliza siku hiyohiyo: rufaa ipi ni yangu, ipi ya kuomba, na siku zinakwisha lini. Kila nchi ina sheria yake, na hakuna inayokungoja umalize kulia. Usisaini usichokisoma. Ukisamehe, samehe kwa moyo wako, mlango ukiwa wazi mbele yako, si kwa kudhani umefungwa. Na ukimwona aliyeshinda anakufuata na zawadi, hesabu mara mbili.

Mungu akukinge na mkono wa dhalimu. Ukikufika, akujaalie mtu wa kukutangulia kwenye teksi hata kama magoti yanamuuma, na saini yako, iwe ya kulia au ya kushoto, isinunulike.